Asiye na kazi akigoma atafunga nini?

BIDHAA nyingi za sokoni zina bei inayotangazwa. Mchele, mahindi, maharage, saruji na hata dola ya Marekani, kila kimoja kina bei yake ya jumla na ya rejareja, na mfanyabiashara akiisoma anajua kama aingie sokoni au asubiri. Lakini bidhaa moja inayouzwa kila kona ya Tanzania haina orodha ya bei. Bidhaa hiyo ni nguvu na ujuzi wa mtu anayetafuta kazi. Wauzaji wake ni wengi mno, wanunuzi ni wachache, na bei hupangwa na upande mmoja.

Dalili za soko hilo zinafahamika. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliita watu zaidi ya 10,000 kwenye usaili wa nafasi 70. Usaili ukafanyikia Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, vijana waliovaa nguo za ofisini wakakaa kwenye viti vya mashabiki wa mpira. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilipokea maombi zaidi ya 135,000 kwa nafasi 1,596. Hesabu ya haraka inaonyesha kuwa mara ya kwanza watu zaidi ya 140 waligombea nafasi moja, na mara ya pili zaidi ya 84. Katika soko la namna hiyo, muuzaji hataji bei. Anapokea anachopewa na kushukuru.

Mengi yamekwisha kusemwa kuhusu namna ya kuongeza ajira. Jambo linalosemwa kidogo ni hili: watu hawa, wanaozidi kuongezeka kila mwaka vyuo vinapomaliza mihula, wanasemewa na nani pale sheria za kazi, kodi na mafao zinapojadiliwa? Wana kura, hilo halina ubishi. Lakini kura hupigwa siku moja katika miaka mitano, na katika siku nyingine zote hakuna kiti chao. Pengo hilo si hasara yao peke yao. Mwenye duka, mwenye kiwanda na mwenye benki nao wanalilipia.

Sauti iliyofungwa kwenye mshahara

Itakumbukwa kwamba baada ya Uhuru sauti ya mfanyakazi ilijengwa juu ya orodha ya mishahara. NUTA iliundwa mwaka 1964, ikafuatwa na JUWATA mwaka 1978. Ada ilikatwa kwenye mshahara kabla mwenyewe hajaushika. Katika Bunge la chama kimoja, JUWATA kama jumuiya nyingine za chama ilikuwa na wabunge wake. Sauti hiyo haikuwa huru, maana ilikaa chini ya kivuli cha chama tawala. Hata hivyo kilikuwa ni kiti, na aliyekikalia alijulikana kwa jina.

Aliyekuwa nje ya orodha ya mishahara aliitwa jina jingine: mzururaji. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ilitaka kila mwenye uwezo wa kufanya kazi aonyeshe anachokifanya, na watu wa mijini walioshindwa kuonyesha walikamatwa na kupelekwa vijijini. Kwa maneno mengine, kukosa kazi kulihesabiwa kuwa ni tabia mbaya ya mtu, si hali ya soko. Mtazamo huo haujaisha kabisa. Bado viongozi husikika wakiwaambia vijana kwamba wanachagua kazi.

Kisha yakaja mageuzi ya uchumi. Mwaka 1992 vyama vingi viliruhusiwa, na katika kipindi hicho hicho Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma ilianza kazi ya kuuza, kukodisha au kufunga mashirika yapatayo 400. Kampuni ya Bia ilipata mbia wa Afrika Kusini mwaka 1993, Kampuni ya Sigara ikafuata mwaka 1995, na Benki ya Taifa ya Biashara ikagawanywa mwaka 1997. Serikalini nako watumishi walipunguzwa. Kutoka wapatao 355,000 mwaka 1992, walishuka chini ya 300,000 kabla ya muongo huo kumalizika.

Wengi katika biashara wanakubali kwamba mageuzi hayo yalikuwa hayaepukiki, kwani mashirika mengi yalikuwa yakiishi kwa ruzuku. Lakini kuna jambo lililopita kimya kimya. Mfanyakazi aliyepewa kiinua mgongo siku ya Ijumaa, Jumatatu hakuwa tena mwanachama wa chama chochote cha wafanyakazi. Ada ilikatwa kwenye mshahara, na mshahara haukuwapo. Katika miaka ile ile ambayo mpiga kura aliongezewa vyama, mfanyakazi alipunguzwa kazini na kupoteza chombo pekee kilichokuwa kikimsemea.

Kundi moja lililofanikiwa kujitetea kwa muda mrefu bila mshahara ni la waliokuwa wafanyakazi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977. Hao walikuwa na vitu viwili ambavyo kijana wa leo hana: orodha ya majina na karatasi za ajira. Kwa hivyo viwili waliweza kwenda mahakamani, na mwaka 2005 wakafikia makubaliano na Serikali kuhusu malipo yao. Hata wao, waliokuwa na ushahidi mkononi, walisubiri miaka 28.

Kazi isiyo na jina

Soko lenyewe nalo si lile la zamani. Kijana anayeendesha bodaboda hana mwajiri. Ana tajiri, ambaye kila jioni humpelekea hesabu, na chake ni kile kinachobaki baada ya mafuta. Akibahatika anapata pikipiki ya mkataba, ambayo akiilipia mpaka mwisho inakuwa yake, na akishindwa miezi miwili kabla ya mwisho inarudi kwa mwenyewe. Katika daladala kuna deiwaka, anayeshika usukani pale dereva mwenye gari anapopumzika. Kariakoo kuna mawinga, ambao hawana duka wala mshahara ila huwaleta wateja dukani na kula cha juu. Kuna machinga anayechukua mzigo kwa mali kauli asubuhi na kurudisha fedha jioni. Kuna mama lishe, kuna kibarua wa kiwandani anayeandikwa upya kila asubuhi getini.

Je, watu hawa wana kazi au hawana? Kwa kipimo cha kimataifa, mtu aliyefanya kazi ya kipato hata kwa saa moja katika wiki ya utafiti huhesabiwa kuwa ana kazi. Ndiyo maana takwimu na macho havikubaliani. Utafiti wa nguvu kazi uliofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu ulionyesha kuwa ukosefu wa ajira, kwa tafsiri ya kitaifa, ulikuwa asilimia 10.3 mwaka 2014 na ukashuka hadi asilimia 9.0 mwaka 2020/21. Anayesoma takwimu hizo ataona nafuu. Anayehesabu maombi yaliyopelekwa TRA ataona jingine.

Takwimu hizo si za uongo. Ila kati ya mwenye kazi na asiye na kazi kuna uwanja mpana, na Watanzania wengi wa mijini wako katikati ya uwanja huo. Wenyewe hawajiiti wasio na kazi. Wanasema wanabangaiza, au wanajishughulisha. Na hapo ndipo ugumu wa kisiasa unapoanzia, maana watu wasio na jina moja la hali yao hawawezi kuitwa kwenye mkutano mmoja. Mwalimu anajua yeye ni mwalimu hata akiwa likizo. Mwenye shahada ya biashara anayeuza soksi barabarani hajui aende kwenye mkutano wa wasomi au wa machinga, na mwisho wake haendi popote.

Nani akigoma nani anafika

Nguvu ya kundi lolote mbele ya Serikali hupimwa kwa kile ambalo linaweza kukisimamisha. Mifano ya miaka ya karibuni inatosha.

Mwaka 2012 sheria ilipozuia fao la kujitoa mpaka mwanachama afikie umri wa kustaafu, wafanyakazi, hasa wa migodini, walikuja juu na Serikali ikarudi nyuma. Desemba 2018, kikokotoo kipya cha pensheni kilipozusha malalamiko, Rais John Magufuli alikutana na viongozi wa vyama vya wafanyakazi na mifuko ya hifadhi ya jamii, akaamuru kikokotoo cha zamani kiendelee kutumika hadi mwaka 2023. Mei Mosi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kupandisha kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kwa asilimia 35.1, kutoka Sh. 370,000 hadi Sh. 500,000 kuanzia Julai mwaka huo. Wenye mishahara wana siku yao, jukwaa lao, na mgeni rasmi anayekuja akijua anadaiwa jibu.

Wafanyabiashara nao wana silaha yao. Mei 2023 wenye maduka wa Kariakoo walifunga milango wakilalamikia kero za kodi. Katika wiki hiyo hiyo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuwa mbele yao akiwasikiliza. Juni 2024 walifunga tena.

Sasa aulizwe asiye na kazi: akigoma atafunga nini? Hana mlango wa kufunga, hana mashine ya kuzima, hana ada ya kuzuia. Akikaa nyumbani kwa hasira, hakuna atakayejua kama amegoma au amelala.

Sheria nayo haimsaidii. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakitambua chama cha wafanyakazi kuwa ni chama cha walioajiriwa. Mapema mwaka 2025 walimu waliohitimu bila kupata ajira waliunda umoja wao, NETO. Watu hao wana taaluma moja, dai moja na mwajiri mmoja mkubwa wanayemlenga, yaani Serikali. Hakuna kundi la wasio na kazi lililo rahisi kuliko hilo kulitambua na kuzungumza nalo. Lakini kwa kuwa hawajaajiriwa, mlango wa chama cha wafanyakazi umefungwa kwao. Imewabidi watafute mlango mwingine, na kila mlango una mlinzi wake.

Aidha, lipo Baraza la Kazi, Uchumi na Jamii (LESCO), lililoundwa kwa sheria ya mwaka huo huo wa 2004 ili kumshauri Waziri kuhusu masuala ya kazi. Wajumbe wake wanatoka Serikalini, kwa waajiri, kwa wafanyakazi, na wataalamu. Ni utaratibu mzuri, lakini una kasoro moja kubwa. Pande zote zinazokaa pale zina kazi tayari.

Hata fao la kukosa ajira, lililoingizwa katika sheria mwaka 2018, limekatwa kwa kitambaa hicho hicho. Linampa aliyepoteza kazi theluthi moja ya mshahara wake kwa miezi 6, mradi awe amechangia mfuko kwa miezi 18. Si jambo la kubezwa. Lakini kijana ambaye hajawahi kuajiriwa, ambaye ndiye aliyejaza Uwanja wa Taifa, haguswi nalo hata kidogo.

Kura hununuliwa kwa ahadi

Kuna wanaosema kwamba kura inatosha. Wasio na kazi ni wengi, basi mwanasiasa hawezi kuwapuuza. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Kampeni ya mwaka 2005 iliahidi ajira milioni moja. Ilani ya CCM ya mwaka 2020 iliahidi ajira milioni nane. Katika miaka 15 ahadi ilipanda bei mara nane. Lakini bidhaa inayotajwa bei bila kupimwa kwenye mizani haijulikani imefika kiasi gani, na mnunuzi asiye na mwakilishi ghalani hawezi kwenda kuhesabu magunia.

Yaliyowapata machinga yanafundisha zaidi. Desemba 2018 walianza kugawiwa vitambulisho kwa Sh. 20,000 kila kimoja, na wakaachwa wafanye biashara barabarani bila kubughudhiwa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2021, waliondolewa barabarani na kutakiwa kwenda maeneo waliyopangiwa. Uamuzi wa kwanza ulikuwa na wanaousifu, na wa pili ulikuwa na wanaousifu pia. Yote miwili ilitoka juu. Kilichotolewa kwa hisani ya mkubwa kinaweza kuondolewa kwa amri ya mkubwa, na aliyekipokea hana mkataba wa kuuonyesha.

Wenye maduka walishangilia njia zilipofunguka, na walikuwa na haki yao, kwani wao wanalipa kodi ya pango na mapato. Lakini wauzaji wa jumla waliokuwa wakitoa mzigo kwa mali kauli wanajua kwamba machinga alikuwa pia mkono wao wa kusambaza bidhaa. Sera inayogeuka mara mbili katika miaka mitatu ni hasara kwa kila mwenye mtaji, awe na kontena au meza. Benki haimkopeshi mtu ambaye haijulikani mwakani atakuwa barabara gani.

Kura yenyewe ina vizuizi vyake. Mpiga kura hupiga pale alipojiandikisha, na anayehangaika na kazi huhama mji kwa mji. Akitaka kugombea lazima apitie chama, kwa kuwa mgombea binafsi haruhusiwi, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ya Arusha iliamua Juni 2013 kwamba katazo hilo linakiuka haki. Njia ya chama ina gharama, na gharama ndicho kitu asichokuwa nacho.

Sauti isiyo na kiti hutafuta barabara. Nchini Kenya, Juni 25, 2024, vijana waliopinga Muswada wa Fedha waliingia hadi Bungeni, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kutousaini. Rais huyo alikuwa amechaguliwa mwaka 2022 kwa kuwaahidi wabangaizaji kwamba zamu yao imefika. Hapa Tanzania, Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, ghasia zilizuka, watu wakapoteza maisha, intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa, na Dar es Salaam ikawekwa chini ya amri ya kutotoka nje usiku. Si kweli kwamba walioingia barabarani wote hawakuwa na kazi, wala si kweli kwamba sababu ilikuwa kazi peke yake. Lakini mfanyabiashara aliyekaa siku hizo bila kuuza, bila kutuma fedha kwa simu na bila kujua kama ghala lake lipo, amekwisha kulipa sehemu ya gharama ya kutokuwapo kwa meza ya mazungumzo. Waliopoteza ndugu wamelipa isiyofidika.

Hoja ya upande wa pili

Wapo wanaouliza, na swali lao ni la haki: nani atawawakilisha watu wasio na ada, wasio na ofisi na wasiofanana? Leo ni mwalimu, kesho ni bodaboda. Chama chao si kitatekwa na wanasiasa kabla ya mwaka kwisha?

Hatari hiyo ipo. Lakini waajiri nao hawafanani, maana mwenye mgodi na mwenye saluni hawana shida moja, na bado wanakaa kwenye kiti kimoja. Ushirika wa wakulima ulitekwa mara nyingi, na hakuna aliyesema wakulima wasiwe na ushirika. Kuhusu kutekwa, kundi lisilo na chombo halali ndilo rahisi zaidi kutekwa, kwa sababu halina uchaguzi, halina hesabu za fedha na halina kiongozi wa kuulizwa.

Hatua zinazowezekana

Mambo matatu yanaweza kufanyika bila kuvunja hazina.

Kwanza, vyama vya wafanyakazi vimruhusu mwanachama aliyepunguzwa kazini abaki mwanachama kwa ada ndogo, akiwa na haki ya kupiga kura chamani. Vyama vinavyolalamika kupungukiwa na wanachama vinawaacha getini watu waliochangia kwa miaka 10. Sheria nayo irekebishwe ili waliohitimu taaluma moja na hawajaajiriwa waweze kusajiliwa kwa utaratibu unaoeleweka.

Pili, LESCO iongezewe viti vya wasioajiriwa na wanaojiajiri wenyewe, wachaguliwe na vyama vyao na si kuteuliwa na Waziri. Bodi za mishahara nazo ziwasikilize kabla ya kupanga viwango, maana kiwango kinachopangwa kinaamua pia nani atabaki nje.

Tatu, soko la kazi litangaziwe bei kama masoko mengine. Kila miezi mitatu Serikali ichapishe, mkoa kwa mkoa, nafasi zilizotangazwa, maombi yaliyopokelewa na watu walioajiriwa. Waajiri wana haki ya kulidai hili kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa wao ndio wanaolipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi (SDL), ambayo mwaka 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya mishahara wanayolipa. Fedha hiyo hutozwa kwa jina la ujuzi wa vijana. Mwenye kampuni anayeilipa kila mwezi hana karatasi inayomwonyesha ni vijana wangapi walipata kazi kutokana nayo, na kijana anayetajwa hana kiti cha kuuliza.

Kati ya hatua hizo, ya pili inahitaji marekebisho ya sheria moja na viti vichache vya kukalia. Gharama yake haifikii hata siku moja ya Kariakoo kufungwa. Bunge likiamua, kazi hiyo inamalizika katika mkutano mmoja. Lisipoamua, wasio na kazi hawatatoweka. Wataendelea kuongezeka kila chuo kinapofanya mahafali, na safari ijayo mwenye duka ataipata sauti yao mlangoni kwake.